Alama Mbili Juu ya Mzigo Mmoja

(Hotuba iliyosomwa katika bwalo la shule, jioni ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani. Tumeichapa kama ilivyosomwa, isipokuwa vicheko.)



Katibu aliponiandikia kuniomba niseme machache, alitaka nizungumze juu ya Maendeleo ya Mawasiliano. Nilimjibu kwamba mada hiyo ni pana mno kwa mtu aliyeshika waya maisha yake yote na hajawahi kushika madaraka. Nikamwomba aniruhusu nieleze jambo moja dogo la kiufundi, ambalo nalijua vizuri kwa sababu liliwahi kuniaibisha. Akakubali, kwa sharti kwamba nisizidishe nusu saa.

Jambo lenyewe ni namna ya kuufanya waya mmoja ubebe mitandao ya watu wengi pasipo mitandao hiyo kuchanganyika, kwa kuupa kila mzigo alama mbili, moja ndani ya nyingine. Na kisha namna ya kuziunga pande mbili za mtandao wa mteja kwa daraja lililomo ndani ya ruta. Wazee wenzangu msisinzie bado. Nitaanza na shuka.

Mliokuwa hapa miaka ya 1980 mnakumbuka Jumamosi ya dobi. Kila mmoja wetu alifunga fungu lake, shuka mbili na foronya, akalifungia kitambaa chenye namba ya kitanda chake. Mimi nilikuwa namba 17, bweni la Mkwawa. Lakini Mirambo nako kulikuwa na namba 17, na Kinjekitile hali kadhalika. Muhula mmoja mafungu yote yalitupwa ndani ya lori bila mpango, na mimi nikarudishiwa shuka za namba 17 wa Mirambo, ambaye yumo humu ndani leo na simtaji, na ambaye alikuwa na tabia ya kulia maembe kitandani. Muhula uliofuata mwalimu wa zamu akaamuru mafungu ya kila bweni yatiwe katika magunia yaliyopakwa jina la bweni kwa rangi. Dereva wa lori hakuwa na haja ya kujua namba za vitanda. Alisoma jina la gunia, basi. Namba za vitanda zilisomwa tena gunia lilipofunguliwa hapa bwenini.

Vijana, mkilielewa gunia lile mmeshaelewa zaidi ya nusu ya maneno yangu.

Tuje kwenye waya. Mtandao wa kompyuta tunaouita Ethaneti ulianzishwa mwaka 1973 na Robert Metcalfe na wenzake katika maabara ya Xerox kule California, na mwaka 1983 ukapata kanuni rasmi ya IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi. Mzigo unaosafiri katika mtandao huo huitwa fremu. Fremu ina anwani ya mpokeaji, anwani ya mtumaji, namba ya aina ya mzigo, halafu mzigo wenyewe, ambao hauzidi baiti 1500, na mwishoni baiti 4 za kuhakiki kwamba hakuna kilichoharibika njiani. Jumla yake ni baiti 1518. Nawaombeni mzishike namba hizi, kwa maana ndizo zilizonifedhehesha.

Watu walipoanza kutaka mitandao kadhaa ndani ya waya mmoja, mathalan mtandao wa walimu na mtandao wa wanafunzi, ikatungwa alama ya baiti 4 ya kuchomekwa ndani ya fremu. Kanuni yake, 802.1Q, ilitoka mwaka 1998, na kila mtandao uliogawanywa namna hiyo mafundi huuita VLAN. Baiti mbili za kwanza za alama husema tu kwamba "hii ni alama", na huandikwa 8100 kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita. Katika mbili zilizobaki, biti 3 ni za umuhimu wa mzigo, biti 1 huonyesha kama mzigo unaweza kutupwa msongamano ukizidi, na biti 12 ni namba ya mtandao. Biti 12 hutoa namba 4096. Ondoeni 0 na 4095 zilizotengwa, hubaki 4094.

Kwa shule namba 4094 ni nyingi mno. Kwa kampuni kubwa inayobeba mitandao ya wengine, hazitoshi. Tena kuna tatizo la pili, ambalo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko lile la kwanza: kila mteja huja na namba zake alizokwisha kuzipanga. Mmoja ameiita maabara yake 10, mwingine ameiita ofisi ya mhasibu 10. Ni namba 17 wa Mkwawa na namba 17 wa Mirambo. Huwezi kumwambia mteja abadili namba zote za nyumbani kwake ili lori lako lipate raha.

Ndipo likaja gunia. Kanuni ya 802.1ad, iliyopitishwa mwaka 2005, iliruhusu mbebaji aongeze alama yake nje ya ile ya mteja, na akapewa aina ya peke yake, 88a8, ili pasiwe na mashaka ipi ni ya nani. Mbebaji husoma alama ya nje tu. Ya ndani haimhusu. Zidisheni 4094 kwa 4094, mtapata 16,760,836. Nakiri kwamba mfano wangu wa gunia una kasoro moja: kwenye waya hakuna gunia la bweni zima, bali kila fremu hubeba alama zake mbili, moja nyuma ya nyingine. Yaani kila shuka ina gunia lake. Nalo gunia, vijana, lina unene wake. Tutarudi hapo.

Sasa nieleze namna ya kupanga ruta, kwa faida ya wale watakaoifanya kazi hii. Chukueni kazi yetu ya mwaka 2014, katika mji mmoja wa Kanda ya Ziwa. Mikongo ya baharini ya SEACOM na EASSy ilikuwa imeshafika Dar es Salaam, mwaka 2009 na 2010, na kampuni ndogo kama ile niliyoitumikia zilikuwa zinapanuka. Tulikodi njia kwa mbebaji mkubwa kati ya mji huo na mji wa wilaya ulio umbali wa kilomita 90 hivi. Mbebaji akatuambia: "Mzigo wenu wote uwe na alama ya nje namba 300, aina ya 88a8. Mtakachoweka ndani ni juu yenu." Ndani tukaweka 10 kwa hospitali moja yenye tawi lake kule wilayani, na 20 kwa chama kimoja cha akiba na mikopo.

Juu ya tundu la ruta linalokwenda kwa mbebaji unaunda mlango wa kufikirika, namba 300, aina ya 88a8. Juu ya mlango huo unaunda milango mingine miwili, 10 na 20, aina ya 8100. Nasema juu ya mlango huo, si juu ya tundu. Fundi anayeanza huipanga milango yote mitatu kando kwa kando juu ya tundu, akidhani ametia kimoja ndani ya kingine. Ruta haitamkatalia. Fremu zitatoka na alama moja moja, 10 au 20, na mbebaji, ambaye hamjui 10 wala 20, atazitupa.

Baada ya hapo ni daraja. Kazi ya kawaida ya ruta ni kutenganisha mitandao na kupeleka barua kutoka mmoja kwenda mwingine. Lakini hospitali ilitaka kompyuta za matawi yote mawili zionane kana kwamba zimo chumba kimoja. Kwa hiyo ndani ya ruta unaunda daraja, na kulipa milango miwili: mlango 10, na tundu ambalo waya wa hospitali umechomekwa. Daraja husoma anwani ya kila mtumaji, hukumbuka ametokea mlango upi, na siku akitafutwa hujua pa kumpeleka. Chama cha akiba kinapewa daraja lake, lenye mlango 20 na tundu lake. Ukitaka ruta yenyewe iwe na anwani katika mtandao wa mteja, anwani hiyo hupewa daraja, si mlango mmojawapo.

Hapa pana hatari ambayo nimeiona kwa wengine. Fundi aliyechoka huutia mlango 300 wenyewe katika daraja la hospitali badala ya mlango 10. Ni sawa na kulifungua gunia la bweni zima katikati ya chumba kimoja. Mizigo ya chama cha akiba itamiminika kwenye waya wa hospitali. Kompyuta nyingi zitaipuuza kwa sababu ya alama iliyobaki, lakini mwenye kutaka kuisoma ataisoma.

Hatari nyingine ni mzunguko. Barua za intaneti zina hesabu inayopungua kila zinapopita kwenye ruta, na ikifika sifuri barua hutupwa. Fremu ya Ethaneti haina hesabu hiyo. Ukiunga madaraja mawili kwa njia mbili bila kinga, fremu zinazopelekwa kwa watu wote zitazunguka na kuzaana mpaka mtandao ulale. Kinga iliyoenea ilibuniwa mwaka 1985 na Bi. Radia Perlman alipokuwa Digital Equipment Corporation, nayo huyafanya madaraja yakubaliane ni njia ipi ifungwe. Mwalimu wetu wa Kiswahili atafurahi kusikia kwamba mama huyo aliieleza kanuni yake kwa shairi fupi, ambalo mafundi hulikumbuka mpaka leo.

Nimeeleza makosa ya watu wengine kwa urefu, kama ilivyo ada. Sasa nieleze la kwangu.

Tulihamia mpango huo mpya Jumamosi usiku. Zamani yake tulikuwa na alama moja tu, kwa kuwa njia ilikuwa ya kwetu mpaka mwisho. Saa mbili za mwanzo zilikuwa kimya kitupu: nilikuwa nimeiacha alama ya nje katika aina ya 8100 wakati mbebaji anangoja 88a8. Hakuna taa nyekundu wala maneno ya kosa katika hali kama hiyo. Niliigundua baada ya kuzinasa fremu na kuzisoma moja moja. Nikarekebisha. Kisha nikapiga pingi, yaani ule ujumbe mfupi ambao mashine moja huiuliza nyingine "upo?" nayo ikajibu "nipo". Hospitali ikajibu, chama cha akiba kikajibu, na mimi nikafunga begi langu nikaenda kulala nikiwa nimeridhika sana na nafsi yangu.

Jumapili saa 1 jioni nikapigiwa simu na kijana aliyekuwa akiangalia kompyuta za hospitali kule wilayani. Aliniita "Kaka", maana tunajuana kwa shule hii. Akasema picha za eksirei haziendi. Nilipiga pingi palepale, ikajibu. Nikamwambia laini yake ni nzima, atazame kompyuta zake. Saa 3 akapiga tena. Nikapiga pingi, ikajibu. Nikamwambia yaleyale, safari hii kwa sauti ya mkubwa. Saa 4 akapiga mara ya tatu, akasema, na maneno haya sijayasahau: "Kaka, samahani, ujumbe mdogo unakwenda. Mkubwa unasimama njiani. Naomba ujaribu na pingi kubwa."

Sikujaribu. Nilimwambia kwamba nimeanza kazi hii yeye akiwa shule ya msingi.

Jambo ambalo sikujua ni kwamba picha ile ilikuwa ya shingo ya kijana aliyeanguka na pikipiki. Tawi la wilayani halikuwa na daktari wa kuisoma. Daktari wa mjini alitaka kuiona ndipo aseme kama mgonjwa anaweza kusafirishwa. Walingoja picha mpaka saa 6 usiku. Haikufika, na hali ya mgonjwa haikuruhusu kungoja zaidi, basi wakamfunga juu ya ubao, wakaibana shingo pande zote mbili, wakamtia garini, wakaondoka taratibu kwenye barabara ya vumbi.

Mimi nilikuwa kitandani na usingizi haukuja. Saa 7 usiku niliamka, nikawasha kompyuta, nikapiga pingi kubwa. Yenye baiti 1468 ilijibiwa. Yenye baiti 1472 haikujibiwa. Nilirudia mara kumi na jibu likawa lilelile.

Vijana, fanyeni hesabu pamoja nami. Pingi ya baiti 1472, ongeza 8 za kichwa chake na 20 za kichwa cha barua ya intaneti, ni 1500. Ongeza 14 za anwani na aina, na 4 za kuhakiki: 1518. Ongeza alama ya ndani, 4, na ya nje, 4: 1526. Chini ya mnara wetu kule wilayani palikuwa na swichi ya zamani, mali yetu wenyewe, ambayo kikomo chake kilikuwa 1522. Kwa alama moja, kama ilivyokuwa kabla ya Jumamosi, fremu kubwa kuliko zote ilipita kwa kugusa dari. Kwa alama mbili ilizidi kwa baiti 4, na swichi ikaitupa. Pingi ya kawaida hubeba baiti 32 au 56 tu. Ingejibu mwaka mzima.

Mtauliza kwa nini swichi haikulalamika. Ingekuwa ruta ya kawaida katika kazi yake ya kawaida, ingeirudishia kompyuta taarifa kwamba barua ni nene mno, ipunguzwe. Swichi na daraja hazifanyi hivyo. Hazifungui barua, hazikati vipande, hazimjui mwandishi wake. Kitu kisichopita huachwa chini. Ndani ya swichi ile palikuwa na hesabu ya fremu zilizotupwa, na nilipoitazama ilikuwa imefika maelfu. Ilikuwa imeandikwa pale tangu Jumamosi usiku, ikingoja mtu wa kuiuliza.

Nikampigia yule kijana. Hakuwa amelala. Nikamwomba aipange kompyuta ya eksirei isitume zaidi ya baiti 1496 kwa mara moja. Alifanya hivyo, na picha ikafika mjini haraka. Gari lilikuwa limekwisha kuwa njiani kwa zaidi ya saa nzima.

Mgonjwa alifika salama, na baadaye alitembea kwa miguu yake. Alifika salama kwa uhodari wa dereva na wa muuguzi aliyemshikilia kichwa kilomita zote zile. Laini yangu haikuchangia lolote.

Kulipopambazuka nilikwenda wilayani, nikafungua kikomo cha swichi ili ipitishe fremu kubwa, na katika ruta zote mbili nikapanga vipimo vya mzigo kwa ngazi: tundu 1508, mlango wa nje 1504, mlango wa ndani 1500. Ukipanga hivyo, mteja anabaki na 1500 yake kamili na hana haja ya kujua kwamba kuna magunia. Ile 1496 kwenye kompyuta ya eksirei tukaiondoa, kwa maana si haki mteja avae viatu vidogo kwa sababu mlango wako ni mfupi. Na tangu siku hiyo sijafunga begi langu mahali popote kabla ya kupiga pingi ya baiti 1472, iliyokatazwa kukatwa vipande, kwenda na kurudi, na kuandika jibu lake kwenye karatasi ya kazi.

Yule kijana sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Ameketi safu ya nne karibu na dirisha, na ameniruhusu nieleze kisa hiki mradi nisimtaje jina. Mwaka ule nilimwomba radhi kwa simu, naye akasema yameisha. Lakini nilimnyamazisha kwa kutumia umri wangu na jina la shule hii, na yeye ndiye aliyekuwa na jibu. Kwa hiyo leo namwomba radhi mbele yenu, ndani ya bwalo lilelile tulilofundishwa kusikilizana.

Ndugu Mwenyekiti, naona unatazama saa. Namalizia na tangazo. Nimekuja na ruta mbili na swichi moja. Swichi ni ileile ya chini ya mnara. Kampuni ilipoiuza kama chuma chakavu niliinunua. Kikomo chake nimekirudisha 1522. Kesho saa 3 asubuhi nitakuwa katika chumba cha kompyuta, na vijana wanaotaka kupanga alama mbili kwa mikono yao waje na daftari. Mwalimu wa Fizikia ameahidi kutupatia waya. Atakayeweza kuniambia, bila kuifungua swichi, ni baiti ngapi zinazopita na ngapi hazipiti, nitamwachia moja ya zile ruta iwe ya klabu yao.